Kabla ya kuongeza bidoni, angalia freni

Kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, na ile inayopita Wamaza kuelekea Salamabila, chakula cha machimbo kinafika kwa nguvu ya miguu. Mawese, unga wa muhogo, mchele, chumvi, samaki mkavu, sabuni na nguo vinafungwa juu ya kinga, na mtu anaisukuma siku baada ya siku mpaka kule ambako dhahabu au kasiterite inatoka. Lori linapita siku ambazo barabara imekubali. Pikipiki inapita haraka, lakini bei yake kali. Kinga inapita siku zote, mvua au jua. Hata mchimbaji ambaye hajawahi kushika usukani wa kinga anaishi kwa kazi hiyo kila jioni, wakati sufuria ya ugali inapoepuliwa.

Kwa hiyo swali la leo linawahusu wasukumaji, wachimbaji wanaowangojea, na mama na watoto waliobaki nyumbani: mtu mwenye pesa kidogo, anayetafuta usalama wake njiani, aanze kununua nini?

Ukizunguka sokoni ukaangalia kinga zilizoegemezwa ukutani, utaona jibu ambalo watu wengi wamekwisha kutoa. Wanaanza na nguvu ya kubeba. Nguvu ya kusimamisha inangoja mwisho, na mara nyingi pesa inaisha kabla haijafikiwa. Sisi tunaona mpango huo umegeuzwa kichwa chini.

Angalia namna kinga inavyoandaliwa. Iwe Phoenix ya China au Hero ya India, haiendi safari siku ile inayonunuliwa. Inaenda kwanza kwa fundi wa kuunganisha vyuma. Uma wa mbele unaongezewa vyuma, kile cha kubebea nyuma kinabadilishwa na kingine kinene. Wengine wanatoa pedali ili zisigonge miguu ya msukumaji. Kisha fimbo: moja inafungwa kwenye usukani ili mtu aongoze akiwa pembeni, nyingine inasimamishwa nyuma ya kiti ili asukumie. Ufundi huu si mdogo. Mwaka 1954, kwenye vita vya Dien Bien Phu, Wavietnam walifunga fimbo za mianzi kwenye baiskeli namna hiyohiyo, kila moja ikibeba zaidi ya kilo 200 katika milima, na jeshi la Ufaransa lilishangaa kuona mizinga na mchele vimefika mahali ambako halikutegemea.

Na hii njia yetu yenyewe ni ya wabeba mizigo tangu zamani. Wakati Tippu Tip alipokuwa na makao yake Kasongo, pembe za ndovu zilipita Kabambare kwenda Ujiji juu ya mabega ya watu. Mpagazi wa wakati ule alihesabiwa mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 32. Mtu mmoja na kinga yake leo anasukuma mzigo wa wapagazi watano. Tofauti ni kwamba mpagazi akiteleza alitupa mzigo chini, ukakaa pale pale. Kinga ina magurudumu. Ikikuponyoka haikai.

Bidoni moja inakuvuta

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo shida yenyewe iko. Bidoni ya litre 20 iliyojaa mawese ina kilo 18 za mafuta, na kilo moja hivi ya plastiki. Bidoni 8 ni kilo 150 na zaidi. Ongeza kinga yenyewe, karibu kilo 20. Umefika 170.

Mahali pa tambarare, hizo kilo 170 zinasimama juu ya magurudumu, wewe unasukuma tu. Lakini ingia kwenye mteremko unaoshuka meta moja kwa kila meta kumi. Mzigo unaanza kukuvuta kwenda chini kwa nguvu ya kilo 17 hivi. Ni sawa na mtu aliyekufunga bidoni moja ya mawese kwa kamba, akakuambia: shikilia, usiiache, tembea nayo mpaka chini. Mteremko ukiwa mkali mara mbili, meta moja kwa kila meta tano, ni bidoni mbili. Mikono inaweza. Miguu ndiyo inashindwa, kwa sababu ile bidoni inashikiliwa na nyayo zako juu ya udongo mwekundu uliolowa, na nyayo ziko ndani ya kambambili.

Ndiyo maana ajali nyingi za namna hii hazimngoji mtu aende mbio. Mtu anatembea polepole, mguu mmoja unateleza, kinga inapata nafasi ya hatua mbili, na kuanzia hapo hakuna mkono wa kuirudisha.

Wenye akili ya njia wanajua dawa ya kwanza: kushuka wawili wawili. Kinga ya kwanza inashuka ikishikwa na watu wawili, mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma na kamba iliyofungwa kwenye chuma cha kubebea, akiivuta kama anavyovuta mbuzi asiyetaka kurudi. Wakifika chini, wote wawili wanapanda tena kuchukua ya pili. Inachelewesha, ndiyo. Lakini mtu aliyevunjika paja katikati ya pori anachelewesha zaidi, na machela yake inahitaji watu wanne wa kubeba na wengine wanne wa kupokezana.

Kitu kingine ni mahali pa kusimama. Usijiweke kati ya kinga na shimo, wala kati ya kinga na ukuta wa udongo. Kaa upande ambao, ikianguka, wewe una mahali pa kurukia. Na bidoni zining'inie chini, pande zote mbili sawasawa, karibu na mhimili wa gurudumu. Mzigo uliopandishwa juu unaonekana kidogo kwa macho, lakini jiwe dogo tu linaupindua.

Freni iko, mkono hauko

Sasa tuje kwenye freni, au breki kama wanavyosema upande wa Tanzania. Kinga nyingi zinazokuja kwetu zina freni za vyuma vya kuvuta: unabana mkono kwenye usukani, chuma kinavuta kingine, na mipira miwili inabana janti, lile duara la chuma la gurudumu. Ni freni iliyotengenezwa kusimamisha mtu mmoja na kinga yake, kilo 85 hivi. Kwa kilo 170 inafanya kazi ambayo haikuumbwa nayo. Hata hivyo, kwa mwendo wa kutembea inasaidia sana, ikiwa inafanya kazi.

Shida ya kwanza: msukumaji ameshika fimbo, na mkono wa freni uko kwenye usukani, mbali naye. Freni iko, mkono hauko. Watu wanaona haina faida, wanaiacha ichakae, au wanaitoa kabisa na kuuza vyuma vyake.

Fundi mwenye akili anaweza kumaliza shida hii. Kwenye freni ya waya, mkono wa freni ya nyuma unahamishwa kutoka kwenye usukani na kufungwa kwenye fimbo, pale hasa vidole vinapokaa, na waya unabadilishwa na mrefu zaidi. Kama kinga yako ni ya vyuma vya kuvuta, huwezi kuhamisha, lakini kuna namna nyingine: kata utepe kutoka mpira wa ndani wa zamani, na kabla ya mteremko zungusha utepe huo kwenye mkono wa freni ya nyuma mpaka ubane nusu. Gurudumu linazunguka kwa shida, na ndicho unachotaka. Chini ya mlima unaufungua. Kazi ya dakika moja, na utepe haununuliwi.

Wenzetu wa Kivu ya Kaskazini walifikiria jambo hili zamani. Chukudu, ile baiskeli ya mbao inayoshusha viazi na makaa kutoka milimani kwenda Goma, ni mbao na mipira tu, lakini nyuma ina kipande cha mpira wa gari ambacho dereva anakikanyaga kikasugua gurudumu. Mtu aliyechonga kitu kutoka mti mzima hakusahau namna ya kukisimamisha. Kipande kama hicho kinaweza kufungwa nyuma ya kinga pia, na msukumaji wa nyuma anakikanyaga.

Shida ya pili ni maji. Janti zetu nyingi ni za chuma kinachong'aa. Zikilowa, mipira ya freni inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Unabana, na kinga inaendelea kama haikusikia. Janti za alumini zinashika vizuri zaidi kwenye mvua, lakini kwa mzigo mzito watu wanapenda chuma, na hatuwalaumu. Basi wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, bana freni kidogo kidogo kabla hujafika kwenye mteremko, janti izunguke mara kadhaa na kujifuta. Usingoje kubana siku ya hatari. Na futa matope: yakichanganyika na mchanga yanakula mpira wa freni kama tupa.

Watu wengine wanakata mipira ya freni kutoka pine ya gari iliyokwisha. Kwenye ukavu inafaa. Angalia tu isiwe na nyuzi za chuma ndani, maana zinakwaruza janti, na janti iliyoliwa siku moja inapasuka. Mipira ya dukani ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa pale kwa fundi. Mtu anayelipia vyuma vya kuongeza bidoni mbili hawezi kutuambia kwamba alikosa pesa ya mipira ya freni. Hapo hatukubali.

Jaribu hivi kabla ya kuondoka, mzigo ukiwa umekwisha kufungwa: peleka kinga kwenye kiteremko kidogo, bana freni ya nyuma peke yake, sukuma. Ikienda, usitoke.

Yale ambayo jicho linaruka

Uma wa mbele ukikatika, hakuna onyo la pili. Fundi akiunganisha chuma kwa moto, pembeni ya mshono ndipo chuma kinapochoka kwanza. Kila jioni, pitisha kidole kwenye mshono. Ukiona rangi imepasuka kama unywele, na kutu nyembamba inatoka ndani, usiseme "itafika". Hiyo haifiki.

Spoki nazo zihesabu. Kinga za mtindo wa zamani zina 32 mbele na 40 nyuma, na mzigo unakaa juu ya zile 40. Ikikatika moja, jirani zake zinabeba deni lake, na kesho ni mbili. Zigonge kwa kijiti ukizungusha gurudumu: zinazolia sawa ni nzima, inayolia kama bati imelegea.

Safari ya kurudi ina hatari yake. Mzigo umeuzwa, pesa iko mfukoni, kinga nyepesi, kijana anarudisha pedali na kupanda. Kwenye mteremko uleule alioogopa juzi, leo anauacha upepo umpige usoni. Ajue hesabu hii: ukitoka mwendo wa kilomita 15 kwa saa ukafika 30, umbali wa kusimama hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne. Shimo uliloliona mapema kwa mwendo wa kwanza, kwa mwendo wa pili umekwisha kuingia ndani.

Kaske ya shimo si kaske ya barabara

Wachimbaji wengi wanatumia barabarani vitu vya kazini: kaske, toshi ya kichwa, bote za mpira. Ni akili, maana vitu viko tayari. Lakini havifanyi kazi sawa.

Kaske ya machimbo imetengenezwa kwa ajili ya jiwe linaloanguka kutoka juu. Inalinda utosi. Mtu anayeanguka na kinga hapigwi utosini. Anagonga upande, paji la uso au kisogo. Tena, kwa kanuni ya Ulaya ambayo kaske nyingi za kazi zinaifuata, mshipi wa kidevu, kama upo, unatakiwa uachie wenyewe ukivutwa kwa nguvu, ili kaske ikinaswa mahali isimnyonge mfanyakazi. Kazini ni jambo zuri. Barabarani maana yake ni kwamba kaske inaweza kuruka kabla kichwa hakijafika chini. Ivae kupita kwenye matawi kama huna nyingine, lakini usiiamini kwa mwendo wa kasi.

Kaske ya baiskeli ni kitu kingine: ndani ina povu gumu ambalo linapondeka badala ya fuvu lako, na mshipi wake unabaki. Watafiti wawili wa Australia, Jake Olivier na Prudence Creighton, walikusanya uchunguzi 40 kutoka nchi mbalimbali, watu zaidi ya 64,000 walioumia na baiskeli. Waliona kwamba waliovaa kaske walikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 51 ya kuumia kichwa, na asilimia 69 kwa majeraha makubwa ya kichwa. Hizo ni barabara za lami, za nchi nyingine, lakini mfupa wa kichwa ni uleule.

Kaske za namna hiyo zinaonekana mara mojamoja kwenye mitumba. Ukiipata, bonyeza povu kwa kidole gumba pande zote. Ikiwa na ufa, au sehemu moja imelala, imekwisha kufanya kazi yake kwa mtu mwingine, iache. Mshipi ukae chini ya kidevu, vidole viwili tu vipite. Kaske iliyorudishwa kisogoni kama kofia ya sikukuu haisaidii kitu. Kwa msukumaji anayetembea na mzigo, hatusemi avae siku nzima juani, atachoka. Aivae anapopanda, na anapopakiwa kwenye pikipiki atafute kaske ya pikipiki.

Toshi ishuke chini

Toshi ya kichwa ni rafiki mkubwa shimoni. Kwenye kinga ina kasoro mbili. Ikiwa juu ya paji, mwanga unatoka mahali pamoja na macho yako, basi mashimo ya barabara hayatoi kivuli na unaona njia yote sawa, laini. Ifunge chini, kwenye uma au chini ya usukani: kila jiwe na kila shimo litatoa kivuli kirefu, utaliona mapema. Kasoro ya pili ni kwamba ukimtazama mtu anayekuja, unamchoma macho. Motari aliyepofushwa anakuja moja kwa moja juu yako.

Nyuma ndipo watu wengi hawana kitu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani unataka baiskeli iwe na freni inayofanya kazi, kengele, mwanga mbele, na nyuma mwanga na kitu chekundu kinachorudisha mwanga. Usiseme hayo ni ya Kinshasa. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita meta 11 kila sekunde. Ukiwa umevaa nguo nyeusi, motari akikuona umbali wa meta 20, hana hata sekunde mbili, na kwenye changarawe hazimtoshi.

Vipande vya vijileti vinavyong'aa, vile vya wafanyakazi wa kampuni, ni mali hapa. Kijileti kilichochakaa kinatoa tepe za kutosha kinga nne na mifuko ya shule ya watoto. Shona tepe kwenye kitu kinachotikisika: kifundo cha mguu, pedali. Mwanga unaopanda na kushuka unamwambia dereva "huyu ni mtu" kabla hajaona umbo. Wengine wananing'iniza CD za zamani. Zinapendeza, lakini zinarudisha mwanga kwa pembe moja tu, na pembe hiyo si lazima iwe ya motari. Kitambaa cheupe kikubwa juu ya mzigo kinafaa kuliko CD.

Bora zaidi bila toshi wala tepe: kufunga safari saa kumi na moja jioni na kulala kijijini. Hapa tunajua kuna sababu nyingine za kutotembea usiku kwenye barabara hizi, na hatuhitaji kuziandika.

Kwa wanaotembea na wanaokimbia

Kwetu magari yanapita kuume. Basi anayekwenda kwa miguu akae upande wa kushoto, uso kwa uso na vinavyokuja, aone kabla ya kuonwa. Mwanamke mwenye kikapu mgongoni, kamba ikiwa juu ya paji la uso, hawezi kugeuza shingo kuangalia nyuma. Kwake jambo hili lina uzito zaidi. Kwenye vijia vyembamba hakuna kushoto wala kuume: anayepanda na mzigo apewe njia, maana akisimama hawezi kuanza tena, na anayeshuka na mzigo atume mtu mbele kupiga kelele, maana yeye hawezi kusimama.

Bote za mpira ni nzuri kwenye matope na kwa nyoka. Kwa safari ya kilomita 30 zinapika mguu. Vaa soksi, hata zilizotoboka, na ukipumzika zitoe, ukaushe vidole. Ngozi ikivimba maji usiipasue; ikipasuka yenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, funga, ngozi ya juu iache palepale.

Vijana wanaokimbia alfajiri, wachezaji wa mpira na wengineo, wanatafuta viatu vya mtumba kwa rangi na jina. Wangetafuta kwa kidole gumba. Bonyeza soli kwa pembeni: ikiwa ngumu kama mbao, povu limekufa, magoti yatalipa. Kisha weka kiatu mezani ukitazame kwa nyuma. Kikilala upande mmoja, mwenyewe wa zamani alikipinda, nawe utapindwa nacho. Nafasi ya kidole kimoja mbele ya kidole kikubwa. Rangi baadaye.

Nani analipa freni?

Tumesema mipira, waya na watu wawili kwenye mteremko. Lakini msukumaji mara nyingi si mwenye mzigo. Mawese ni ya mfanyabiashara wa Kasongo, au mchimbaji wa Salamabila ametuma pesa, au mzigo umechukuliwa kwa deni na kinga yenyewe ni ya kukodi. Makubaliano ya siku zote: ukimwaga, unalipa.

Hilo neno "unalipa" ndilo linaloua. Mguu ukiteleza, mtu anayejua kwamba bidoni 8 ni deni lake la miezi haachii kinga. Anaishikilia, inamburuta, inaanguka juu yake. Angekuwa na ruhusa ya kuachia, angeruka pembeni, mafuta yangemwagika, na yeye angefika nyumbani.

Kwa hiyo mahali pa kununua usalama kwa bei ndogo kabisa ni pale mzigo unapopatanwa, kabla ya safari. Mfanyabiashara na msukumaji waseme mbele ya mtu wa tatu: kikimwagika kwenye mteremko wakiwa wameshuka wawili na freni imejaribiwa, hasara wanagawana. Kikimwagika kwa uzembe, ni cha msukumaji. Mwenye mzigo naye ana faida, maana watu wawili kwenye kamba wanamwaga mara chache. Vyama vya wasukumaji, pale vilipo, vinaweza kuliweka hili kuwa desturi, mtu mmoja asionekane mkaidi peke yake.

Nanyi wachimbaji mnaoagiza, mnayo sauti hapa. Anayetaka bidoni zake zifike kesho kutwa, wakati njia ni ya siku tano, anajua anaagiza nini.

Ikitokea

Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika kumi bila kuchungulia. Hapana udongo, hapana mafuta ya gari. Aliyegonga kichwa asiachwe peke yake siku hiyo na usiku wake, wala asipewe pombe ya kumchangamsha. Akitapika mara kwa mara, akilala asiamshwe kwa urahisi, akichanganya maneno, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, apelekwe hospitali haraka, Kasongo, Kabambare au Saramabila, ile iliyo karibu, hata kama saa moja kabla alikuwa anacheka. Aliyeanguka vibaya na analalamika shingo, asiinuliwe kwa mabega na miguu. Alazwe juu ya ubao au mlango, kichwa kikishikwa sawa na mwili.

Na kuna pepopunda. Mdudu wake anaishi kwenye udongo na mavi ya wanyama, anaingia hata kwa jeraha la msumari au spoki. Mama zetu wanapata chanjo wakiwa na mimba, watoto wanaipata kliniki. Wanaume wazima, ambao ndio wanaosukuma kinga na kuchimba, wengi hawakuipata tangu utoto au hawakuipata kabisa. Mtu mzima ambaye hajawahi kuchanjwa anaanza na sindano moja, ya pili baada ya majuma 4, ya tatu miezi 6 baadaye. Siku mama anapopeleka mtoto kwenye chanjo, baba aende naye, aulize kama kuna yake na bei yake ni gani, na aitunze karatasi ile pamoja na kadi ya kupigia kura, kwa sababu muuguzi ataiomba siku ya jeraha.